Mkutano mkuu Jumamosi, mfuko wa pensheni hautaki mkurugenzi arudi. Kura yangu ina maana?

mtoto_wa_kibosho: Wadau naombeni ushauri sijalala. Marehemu mzee aliniachia hisa 600 za kampuni iliyopo DSE, soko la hisa la Dar, jina sitaji, mkutano mkuu Jumamosi Arusha. Mfuko wa pensheni wenye karibu theluthi ya hisa unataka mkurugenzi mmoja atoke kwenye bodi. Sisi wadogo tuna kura kweli au tunaendaga kula biriani tu?

Mangi Mstaafu: Biriani siyo ya kudharau. Mimi nilirudi na kofia na mwavuli, mwavuli mpaka leo upo.

mhasibu_Sakina: Mkuu, wenye hisa nyingi hawabishani ukumbini, wanamwita mwenyekiti pembeni mapema, akikaza ndo kura. Kumtoa ni zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, sasa wadogo hamwendi, theluthi yao inakuwa kama nusu. Mkiungana inawezekana, kwenye kampuni ya mafuta ya Marekani, Exxon, mwaka 2021 kamfuko kadogo ka uwekezaji, Engine No. 1, walikuwa na asilimia 0.02 tu ya hisa wakapata viti 3 vya bodi, ila ni kwa sababu mifuko mikubwa kama BlackRock iliwabeba.

mamaNjoro: Huo mfuko ni makato yetu ya mshahara. Ila kaka, huyo mkurugenzi ni nani yako?

mtoto_wa_kibosho: Mtu tu namfahamu.

mamaNjoro: Kivipi?

mtoto_wa_kibosho: Haya. Shemeji yangu, kamuoa dada. Na fomu ya proksi, ya kumruhusu anipigie kura yangu, nimeshamsainia Jumatatu. Siyo rushwa jamani, alimlipia tu mwanangu ada kama ndugu. Na hajaiba, wanamsema kwa ajili ya ule mkopo kampuni iliompa kwenye biashara yake, na analipa.

Mangi Mstaafu: "tu"

mhasibu_Sakina: Yupo kwenye bodi halafu bodi inamkopesha? Hapo mfuko uko sahihi. Futa hiyo proksi kwa maandishi kabla ya mkutano, nenda mwenyewe.

Dereva_Hiace: Chai hii. Huyu mwezi jana alikuwa humu anatafuta wa kumkopesha hela ya tairi, leo ana hisa na shemeji mkurugenzi. Weka picha ya fomu.

mamaNjoro: Hisa 600 utajiri? Kuna kampuni hata tairi mbili hazitoki.

Mangi Mstaafu: Tairi nina moja hapa Kiboriloni, imetumika kidogo.

mtoto_wa_kibosho: Picha siweki, ina sahihi yangu. Dada kapiga sasa hivi anauliza Jumamosi nimpitie Majengo twende wote. Nimemwambia gari halina tairi.