Ratiba ya kwanjula (sherehe ya Waganda ya kujitambulisha kwa wakwe) imebandikwa stetasi ya WhatsApp, MPAKA MAHALI UFUNGUO ULIPO!!

Banange, kuna watu hawafai kuwekwa hata kwenye grupu la maombi. Mnamjua. Yule ambaye chai ikichemka kwake, Kampala nzima imeshaambiwa sukari aliweka vijiko vingapi.

Jana usiku kachukua kwenye grupu letu ratiba ya kwanjula ya Jumamosi, kaipiga skrinshoti, kaitupa stetasi. Nzima! Msafara kuondoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda Masaka, kurudi Jumapili jioni. Namba ya mobile mani ya mweka hazina. Na mstari wa mwisho kabisa: "ufunguo wa nyumba kubwa uko chini ya chungu cha mshubiri, kushoto kwa geti dogo."

Chini. Ya. Chungu. Mwizi gani aliwahi kupewa ramani, saa na ufunguo kwa mkupuo? Kilichobaki ni kumpikia matoke na kumwachia kwenye hotipoti.

Akaambiwa afute. Jibu lake: "Acheni ushamba, wanaoona stetasi yangu ni watu wangu tu."

Watu wako nani? Stetasi anaiona kila uliyehifadhi namba yake naye akahifadhi yako. Simu ya mtu wa mjini imejaa fundi bomba, muuza mkaa, kijana wa Yaka (umeme wa kulipia kabla), boda aliyekubeba mara moja mvua ikinyesha. Na WhatsApp haikuambii nani kapiga skrinshoti. Ukifuta leo, picha iko kwenye simu za watu. Na chungu kiko palepale! Sherehe ni ya watu wawili na koo mbili, nani alimwomba aitangaze? CHINI YA CHUNGU, jamani!

Fundi_Katwe:
Pole ssebo, ila hasira baadaye. Hamisha ufunguo sasa hivi. Na kwa kuwa ufunguo ulilala pale usiku mzima huku watu wakijua, hesabu kwamba umeshachongwa mwingine. Kama ni kufuli, nunua jipya. Kama ni kitasa cha silinda, usiuziwe kitasa kizima, badili silinda tu, kile kipande kinachoingia ufunguo. Fungua skrubu moja ndefu iliyo kwenye ubavu wa mlango, usawa wa tundu la ufunguo. Ingiza ufunguo, uzungushe kidogo tu mpaka ulimi wa katikati ulingane na mwili wa silinda, halafu vuta. Kabla ya kwenda hadwea pima kutoka tundu la skrubu kwenda kila upande, maana pande mbili huenda zisilingane. Ukinunua ndefu inachomoza nje ya mlango, na hapo mwizi anaibana kwa plaisi na kuivunja katikati.

Nnyabo_wa_Ndeeba:
Samahani, mimi nina swali. Nani aliyeandika mahali pa ufunguo kwenye grupu la watu tisini? Unalia na aliyebandika, mwandishi umemwacha. Wewe mleta uzi ndiye uliyeandika, eti?

Mleta uzi:
Nani aliandika si hoja! Hoja ni CHUNGU kiko stetasi! Ssenga (shangazi) wa bibi harusi kaonyeshwa na jirani yake kabla hata ya kikao cha mwisho!

Wakala_Nakawa:
Mnasahau namba ya mweka hazina. Hapo ndipo pesa zitakapoondoka. Mtu akianza kutuma pesa kwa namba hiyo, jina lililosajiliwa linajitokeza, tayari anakujua. Anakuandikia ujumbe wa bandia unaofanana na wa kampuni, "umepokea 350,000". Dakika mbili baadaye anapiga simu: dada, ule mchango nilizidisha, nirudishie 300,000. Mweka hazina aliyechoka na vikao anarudisha. Dawa ni moja: usisome ujumbe, angalia salio. MTN piga *165#, Airtel *185#. Salio halikupanda, hakuna pesa. Na kama kweli alikosea, apigie kampuni, usimrudishie wewe.

Kanzu_Safi:
Mimi namtetea. Bila stetasi hakuna anayechanga. Watu wanatoa wakiona wengine wametoa.

Nnyabo_wa_Ndeeba:
Bandika tarehe, bandika rangi ya magauni ya gomesi ya akina mama, inatosha. Saa, njia na nyumba inayobaki tupu havichangishi hata shilingi. Ingia mipangilio, faragha, stetasi, chagua "shiriki na hawa tu", weka alama kwa wanakamati. Na picha za ukumbini zibandikwe mkisharudi nyumbani. Mwenyekiti wa LC1 (serikali ya mtaa) na askari wa mtaa waambieni kwa mdomo.

Dereva_wa_Kosta:
Afadhali huyo wa stetasi. Tatizo ni wanaotuma mahali walipo moja kwa moja kwa saa nane nzima, simu inazimika njiani Lukaya, halafu wanapiga kwa simu ya mwenzao kuuliza tumefika wapi. Chaguo la dakika 15 lipo! Linatosha kukutana Kayabwe. Na pale Kayabwe msishuke kupiga picha kwenye mstari wa ikweta mkienda, pigeni mkirudi. Mkikuta geti la wakwe limefungwa, msemaji wenu ataanza kwa kulipa faini.

Mama_Bombo:
Kubandikwa ni nafuu. Mimi naunganishwa kwenye magrupu ya michango ya watu nisiowajua. Mipangilio, faragha, vikundi, chagua "anwani zangu". Asiye kwenye simu yako inabidi akutumie mwaliko kwanza.

Wakala_Nakawa:
Na wale wanaoahidi 200,000 mbele ya watu, wanapigiwa makofi, siku ya kutoa simu haipatikani? Uzi wao uko wapi?

Mleta uzi:
Jamani turudi kwenye ufunguo!!

Mama_Bombo:
Wa ahadi hao ndio wanaokaa meza ya mbele na kubeba nyama kwa kaveera (mfuko wa plastiki).

Dereva_wa_Kosta:
Na kuwahi siti ya dirishani.

Kanzu_Safi:
Wanaume wa Jumamosi ambao hawajapata kanzu waje kwangu mapema. Leteni urefu kutoka begani hadi kifundo cha mguu, mmevaa viatu mtakavyovaa siku hiyo. Mwaka huu nimeona kanzu nyingi zinafagia vumbi.