Kula na kunywa nje mjini Freiburg kwa posho ya mwanafunzi

Mgeni wa Oktoba
Wakubwa zangu, shikamooni. Mwezi wa Oktoba ninaanza shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Freiburg, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Posho yangu ni ndogo, situmii pombe wala nyama ya nguruwe, lakini sipendi kujifungia chumbani nikipika peke yangu kila siku. Naomba mnieleze wanafunzi hula wapi, na asiyekunywa pombe huketije na wenzake jioni.

Mkaazi wa Wiehre
Marahaba, mdogo wangu. Mlo wako mkubwa uwe wa mchana, katika bwalo la chuo liitwalo Mensa. La katikati ya mji liko Rempartstraße, na mwenye kitambulisho cha mwanafunzi hulipa pungufu kuliko mgeni. Pita pia kwenye soko la Münsterplatz, chini ya kanisa kuu, ambalo huwapo kila siku isipokuwa Jumapili na hufungwa mapema mchana. Hapo utawaona watu wamesimama na Lange Rote, soseji ya sentimita 35 hivi iliyochomoza pande zote mbili za mkate wake. Kwa kawaida ni ya nguruwe, kwa hiyo uliza kwanza kama muuzaji ana ya aina nyingine. Jioni za joto wanafunzi huketi chini pale Augustinerplatz na vinywaji vya dukani, jambo ambalo halimgharimu mtu zaidi ya bei ya chupa. Makopo na chupa za plastiki usizitupe, kwani nyingi zina amana ya senti 25 utakayorudishiwa dukani.

Mhudumu wa Zamani
Mimi nilihudumu mezani huko miaka miwili, basi niongeze kuhusu pombe na malipo. Sheria ya Ujerumani inaitaka baa iwe na angalau kinywaji kimoja kisicho na kileo ambacho, kwa ujazo uleule, hakizidi bei ya kileo kilicho rahisi kuliko vyote. Agiza Apfelschorle, yaani juisi ya tufaha iliyochanganywa na maji ya gesi; hakuna atakayekushangaa. Ukitaja maji tu, utaletewa ya chupa na utayalipia.

Wakati wa kulipa, mhudumu husimama mezani na pochi yake kubwa ya ngozi akiuliza kama mnalipa pamoja au kila mtu chake, na kulipa kila mtu chake ni jambo la kawaida kabisa. Bili ikiwa yuro 11.20, mpe noti ya 20 huku ukisema «zwölf», yaani kumi na mbili, naye atakurudishia nane. Bakshishi imekwisha kutolewa. Uwe na fedha taslimu, maana si kila mahali wanapokea kadi.

Mgeni wa Oktoba
Nashukuru sana. Nimesikia pia kuhusu migahawa ya wakulima wa zabibu. Je, inanifaa?

Mkaazi wa Wiehre
Inakufaa, ingawa utahitaji usafiri. Huitwa Strauße, mkulima huruhusiwa kuifungua miezi minne tu kwa mwaka, kwa viti visivyozidi 40, ili auze divai yake mwenyewe na vyakula vyepesi. Agiza Flammkuchen, mkate mwembamba wenye krimu na vitunguu, ukisisitiza «ohne Speck», kwa sababu ule wa kawaida huwekwa vipande vya nguruwe. Ulizia na juisi ya zabibu.