Tupeane uzoefu: raha ya nyumbani wakati pesa ni kidogo (Lubumbashi)

Mama wa Mwembeni, Katuba

Bandugu, salamu kwenu wote. Tumezungumza sana juu ya kubana matumizi: makala (mkaa) yanapatikana wapi kwa bei nzuri, unga gani unaongezeka sufuriani, namna ya kufika mwisho wa mwezi bila deni dukani. Leo naomba tugeuze. Mkishabana, mnafurahi vipi? Watoto wanakua mara moja tu, na wanakulia humu humu ndani ya lupango (ua wa nyumba), pesa iwepo isiwepo. Naamini kwa moyo wote kwamba raha ya familia hupangwa kama chakula kinavyopangwa. Ukingoja ije yenyewe, siku inaisha kila mtu na kona yake.

Siku yetu ni Jumapili alasiri. Tumerudi kanisani, jua limepoa, natandika mkeka chini ya mwembe, na saa ile hakuna mwenye ruhusa ya kutafuta kazi. Kuna munkoyo, kinywaji chetu cha unga wa mahindi na mizizi, niliouandaa jana yake na karanga za kukaanga. Novemba maembe yakianza, hata karanga hatununui. Mume wangu amewachimbia watoto mashimo ya kisolo (bao letu) ardhini, safu nne, kete zake kokoto. Yeye alifundishwa na baba yake, na sasa binti yetu wa pili anamshinda, tena siku akishinda majirani wote wanapata habari. Mchezo huo haudai umeme wala tiketi. Unadai baba akae chini.

Haya, nanyi? Semeni hata kama ni kidogo.

Papa wa Kamalondo

Mama, asante kwa swali. Mimi ni mtu wa Mazembe, klabu yetu ya mpira. Tunakaa karibu na uwanja, goli likifungwa tunasikia kelele kabla redio haijasema. Lakini kumlipia tiketi kila mtoto kwa kila mechi siwezi. Kwa hiyo redio inatolewa nje, jirani anakuja na kiti chake, mama anachoma mahindi kama ni msimu, na sisi tuna uwanja wetu hapo hapo.

Kabla mechi haijaanza, nauliza maswali. Klabu ilianzishwa mwaka gani? 1939. Kombe la mabingwa wa Afrika? 1967, 1968, 2009, 2010, 2015. Hata mdogo wa mwisho anayataja bila kukosea. Baadaye, timu ishinde isishinde, wanadai hadithi yao: tarehe 14 Desemba 2010, Abu Dhabi, nusu fainali ya kombe la dunia la klabu. Tunacheza na Internacional ya Brazili. Naanza polepole. Kipindi cha pili Kabangu anafunga. Wabrazili wanashambulia, Kidiaba anadaka, wanashambulia tena, Kidiaba anadaka tena. Halafu Kaluyituka, goli la pili! Klabu ya Afrika inaingia fainali ile kwa mara ya kwanza. Hapo hawanisikii tena, wote wako chini wanarukaruka kwa makalio namna Kidiaba alivyofanya, na mama yao anauliza nani atafua hizo kaptula.

Fainali Inter Milan ya Italia walitufunga 3–0. Nayo nawasimulia, sikati. Nataka wajue furaha ya nusu fainali haikufutwa na fainali.

Dada wa Kampemba

Kwetu ni delestaji (mgao wa umeme) iliyotuunganisha. Umeme ukikatika jioni, hiyo ni zamu ya bibi. Alizaliwa mji ungali Élisabethville (jina la Lubumbashi lilikuja mwaka 1966), baba yake alikuwa mfanyakazi wa Union Minière, kampuni ya madini, na anakumbuka posho ya kila wiki, unga na samaki, na wamama walivyopanga foleni huku wakipeana habari za mtaa mzima. Kijana wangu wa sekondari ameanza kuandika yote kwenye daftari. Umeme ukirudi katikati ya hadithi, watoto wenyewe wanaomba taa izimwe.

Baba kijana, Bel-Air

Samahani bayaya (dada na kaka zangu wakubwa), naona wengi mna lupango wenu na mwembe wenu. Sisi tumepanga chumba na sebule, uani tuko familia kadhaa, na mwenye nyumba hataki kelele. Nikiweka redio nje jirani ananuna. Tena mimi ni mtu wa kibarua: siku nyingi nafika nyumbani watoto wanakaribia kulala. Mtu wa namna yangu afanye nini?

Mama wa Mwembeni, Katuba

Swali lako ni la haki, mwanangu. Waliopitia maisha ya kupanga wajibu kwanza.

Yaya wa Ruashi

Mdogo wangu wa Bel-Air, najibu mimi. Tulikaa chumba kimoja na watoto watatu, na raha yetu ilikuwa ya miguu. Jumamosi mchana tulikwenda kuangalia ndege zikishuka Luano, uwanja wa ndege. Kutoka kwako si mbali. Tulibeba maji ya nyumbani na mihogo ya kuchoma ndani ya mfuko, tukatafuta mahali penye kivuli mbali na barabara, na kila ndege ikitokea wanabishana: hii inatoka Kinshasa, hapana, hii ni ya Addis Ababa. Mkubwa wangu alijifunza ramani ya Afrika pale, kwa kuuliza Addis iko wapi na Johannesburg iko wapi. Wakirudi wamechoka, wanalala mapema, na wewe na mama yao mnapata saa yenu. Msiidharau hiyo saa. Watoto wanakula raha ya wazazi wanaoongea vizuri.

Kuhusu kurudi usiku: mlo wa jioni uwe wa sahani moja, hata kama watoto walishaonja kitu. Bukari (ugali) katikati, sombe (kisamvu) pembeni, mikono yote humo. Mimi nilikuwa naacha ndagala (dagaa) kidogo kwa baba yao, naye anaigawa kidogo kidogo kwa kila mkono. Nasema kweli, kwa watoto wangu ile ndagala ilikuwa na thamani kuliko kuku, kwa sababu ilitoka mkononi kwa baba.

Na jikoni penyewe kuna furaha nyingi tunayoipita. Unga wetu mwingi wa mahindi unategemea Zambia, na ukame ulipoipiga Zambia mwaka 2024 hapa kwetu tulihisi. Nikaanza kuchanganya unga wa mahindi na wa muhogo. Watoto waligoma: bukari inavutika, rangi si ile. Sikuwagombeza. Jumamosi niliwapa kila mmoja bakuli, unga wa aina zote mbili na sufuria ndogo, nikawaambia kila mtu achanganye anavyotaka. Baba yao alifungwa kitambaa machoni, akaonja zote. Mshindi alikuwa yule aliyelalamika kuliko wote, na mchanganyiko wake ndio tunaoupika mpaka leo. Anautetea kwa wageni! Kutwanga sombe nako tulikufanya zamu na nyimbo. Anayetwanga ndiye anayechagua wimbo, kwa hiyo mchi unagombaniwa.

Mama wa komini ya Kenya (hapa hapa Lubumbashi)

Niongeze la likelemba, yaani mchezo wa kuchangiana na kupokea kwa zamu. Ya pesa nacheza na wenzangu wa soko, hiyo ni ya shule na kodi ya nyumba, haiguswi. Lakini na mawifi zangu tuna nyingine tunaiita likelemba ya chungu. Kila mwezi nyumba moja inapokea. Huyu analeta mchele, huyu mafuta, huyu maharagwe, huyu kuku, na mwenye zamu anaweka sherehe aliyoichagua: ubatizo, komunyo, mtoto aliyefaulu, au bila sababu yoyote, tule tu pamoja na kucheza. Kwa mfuko wa mtu mmoja tusingeiweza.

Sheria zetu ni kali. Hakuna kukopa kwa ajili ya sherehe. Hakuna kitenge cha sare. Bia, anayetaka aje nayo mwenyewe. Wazee wengine walinung'unika mwanzoni kwamba tunaaibisha ukoo, lakini mimi nimeona sherehe za deni: wageni wanaondoka, na kuanzia kesho yake mume na mke hawasemeshani. Kwangu nyumba yenye amani inakuja kwanza.

Watoto nao tunawaambia ukweli. Mwanzo wa mwezi tunawaonyesha kilichopo: hii ya unga, hii ya makala, hii ya daftari, na hii ndogo ni ya furaha, semeni tuifanyie nini. Mwaka jana walichagua kuiweka kidogo kidogo mpaka ikatosha kwenda wote kwenye bustani ya wanyama. Waliingojea kwa hamu, wakapanga nguo, wakagombana nani ataona mamba kwanza. Naona kule kungojea kuliwafurahisha miezi mizima, safari yenyewe ni mchana mmoja.

Papa wa Kamalondo

Mama wa Kenya, hiyo ya kuwaonyesha pesa nitaichukua.

Neno moja tena, tafadhali mlisome. Juni na Julai usiku wetu ni wa baridi, na familia zinapenda kukaa zimezunguka mbabula (jiko la makala). Fanyeni hivyo uani. Msiingize mbabula ya makala chumbani na kufunga mlango, hata makala yakiwa yamebaki mekundu bila moshi. Ile hewa yake haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Ndani vaeni sweta, lalieni blanketi moja, mkumbatiane.

Baba kijana, Bel-Air

Yaya wa Ruashi, asante sana. Jumamosi hii sina kibarua, tunakwenda Luano, nimeshawaambia na wadogo wanauliza kila dakika. Na ile sahani moja tumeanza jana. Mama wa Mwembeni, mke wangu anauliza munkoyo unaandaliwa vipi, yeye si wa huku.

Mama wa Mwembeni, Katuba

Mwambie hivi. Mizizi ya munkoyo anaipata sokoni, inauzwa kwa mafungu. Aombe mizizi mikavu isiyo na ukungu. Aioshe, aitwange mpaka ichanike nyuzi nyuzi. Apike uji mwepesi wa unga wa mahindi, auache uive kabisa, halafu autoe motoni upoe mpaka uwe vuguvugu. Ukiwa wa moto sana mizizi haitafanya kazi. Hapo aweke mizizi na akoroge: ataona uji unalainika na kuwa majimaji, nao unaanza kuwa mtamu wenyewe, sukari hahitaji kuongeza. Afunike. Baada ya saa chache achuje kwa kitambaa safi na auache ulale usiku mmoja. Wa watoto unywewe kesho yake, maana ukikaa zaidi unachachuka na kuanza kupanda kichwani.