Ulaya inaweza kuona bila macho ya Marekani?

Nahodha wa Mvita: Salaam ndugu zangu. Machi 2025 Marekani ilisitisha kwa siku chache kuipa Ukraine taarifa za kijasusi, kisha ikazirejesha baada ya mazungumzo ya Jeddah. Nchi za Ulaya zina fedha, viwanda na wataalamu. Ni nini basi kinachozizuia kujitegemea kwa ujasusi na ulinzi?

Msomaji wa Ilala: Ufaransa ilikumbana na swali hili mapema. Katika Vita vya Ghuba vya 1991 ilijikuta ikitegemea picha za setilaiti za Marekani, ikaona fedheha hiyo isijirudie: mwaka 1992 ikaunda idara ya ujasusi wa kijeshi, na 1995, kwa kushirikiana na Italia na Hispania, ikarusha Helios 1A, setilaiti yake ya kwanza ya upelelezi. Mwenye macho haambiwi tazama. Mjadala wa kuivamia Iraq ulipopamba moto mwaka 2003, Paris ilikuwa na picha zake yenyewe.

Bi Mkubwa: Nakubali kuhusu Ufaransa, ila nadhani unaisahau Uingereza, ambayo pengine ndiyo yenye sikio kali kuliko wote barani humo. Imefungamana na Marekani, Kanada, Australia na New Zealand katika ushirika wa kijasusi wa Macho Matano, na hata makombora ya Trident yanayobeba silaha zake za nyuklia hutoka katika ghala linalotumiwa pamoja na Wamarekani huko Kings Bay, katika jimbo la Georgia nchini Marekani. Poland na nchi za Baltiki nazo zina hofu yao: Ulaya ikijitangaza kuwa inajitosheleza, Washington itapata kisingizio cha kuondoa askari wake, na wanaopakana na Urusi ndio watakaoumia kwanza.

Nahodha wa Mvita: Lakini mwaka 2025 huko The Hague wanachama wa NATO walikubaliana matumizi yao ya ulinzi na usalama yafikie asilimia 5 ya pato la taifa ifikapo 2035. Fedha hizo hazitoshi?

Msomaji wa Ilala: Zitanunua vifaru na setilaiti. Umoja wa Ulaya una kituo chake cha setilaiti huko Torrejón, karibu na Madrid, tangu 2002. Ugumu uko kwenye siri zenyewe, kwa kuwa katika kazi hii anayetoa taarifa ndiye huamua nani mwingine aione, na hakuna jasusi atakayehatarisha chanzo chake kwa kukigawa mezani kwa nchi 27.