Skopu ndogo na stendi ya safari kwa ndege wa pwani: nishaurini kabla sijanunua

Kijana wa Nunge (Bagamoyo)

Wakuu, habari za leo. Natembeza wageni hapa Bagamoyo, Mji Mkongwe na Kaole, ila siku hizi wengi wanaonitafuta wanataka ndege, na mimi mwenyewe ndege wameniingia moyoni. Nina darubini ya macho mawili, 8x42, yaani inavuta mara nane na vioo vya mbele ni milimita 42. Kwenye mikoko ya Kaole inanitosha. Kinachonishinda ni mashamba ya chumvi ya Nunge.

Juzi nilisimama kwenye tuta na mama mmoja mgeni. Mbele yetu, kama meta 200, vitwitwi, wale ndege wadogo wa ufukweni, wengi wamejipanga ukingoni mwa maji. Akaniuliza yule mmoja anayekimbiakimbia huku ameinama ni nani. Hata rangi ya miguu yake sikuiona. Nilimwambia ukweli, kwamba kwa umbali ule sijui, lakini jambo lile liliniuma mpaka usiku.

Sasa nataka skopu, ile darubini ya jicho moja. Iwe ndogo, maana usafiri wangu ni bodaboda na begi moja mgongoni. Nimeweka akiba ya milioni moja na nusu, stendi ya miguu mitatu ikiwa humohumo. Dukani nimeonyeshwa moja inavuta mara 25 hadi 75, kioo cha mbele milimita 70, bei ya chini, na wanakupa kistendi cha mezani bure. Zipo nyingine za milimita 50 hivi, zinavuta mara 40 tu au hata chini ya hapo, na bei yake iko juu. Mbona inayovuta kidogo ndiyo ghali?

Dereva wa Saadani

Mkuu, mimi nakaa zaidi kwenye gari, kwa hiyo natumia ile iliyonyooka, unaiegemeza dirishani juu ya mfuko wa mchele. Wewe unayesimama na wageni chukua yenye jicho lililopinda kwenda juu. Mrefu anainama kidogo, mfupi anachungulia vizuri, huna haja ya kupandisha na kushusha stendi kila mtu anapobadilishana. Na kwenye boti usihangaike nayo, rudi kwenye 8x42 yako.

Mzee wa Tongoni (Tanga)

Kijana wangu, hiyo ya mara 75 iache hukohuko dukani. Niliwahi kununua ya namna hiyo, nikaipeleka kwenye tope la Tongoni siku ambayo Dromas ardeola walikuwa wameshuka, wale weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kupasulia kaa. Nikavuta mpaka mwisho. Ndege akawa mkubwa kweli, lakini amefifia kama picha iliyolowa, na mweupe wake wote umezungukwa na ukingo wa zambarau. Ukingo huo unatokana na kioo kushindwa kukusanya rangi zote mahali pamoja. Kioo kilichoandikwa ED ndicho kinachoupunguza, na bei unayoishangaa ndiyo hiyo.

Halafu piga hesabu hii kabla ya kununua chochote: gawanya upana wa kioo cha mbele kwa idadi ya kuvuta. 70 kwa 75 haifiki hata milimita moja. Huo ndio upana wa mwanga unaoingia jichoni. 50 kwa 25 ni milimita 2, na kwa jua letu la pwani hiyo inatosha. Wala usiogope namba ndogo. Kwa 8x42 yako, ndege wa meta 200 unamwona kana kwamba yuko meta 25. Kwa mara 27 anakuwa kama yuko meta saba na nusu. Hapo mguu unauona, na mdomo pia.

Mimi natumia Nikon ED50, lenzi ya jichoni inavuta mara 13 hadi 40, nami sipiti 30 mara nyingi. Kwa fungu lako ulizia pia Celestron Hummingbird 9-27x56, lakini hakikisha ni ile ya ED, kwa sababu ipo na isiyo ED.

Fedha inayobaki yote iweke kwenye stendi. Nasema hivi kwa uchungu. Vitwitwi wako nasi kuanzia Septemba mpaka Aprili, na katikati ya miezi hiyo ndiyo kaskazi inavuma. Stendi yangu ya kwanza ilikuwa ya kupigia picha za simu. Upepo uliikamata nikiwa nafungua chupa ya maji, ikalala kifudifudi kwenye maji ya chumvi na skopu juu yake. Kioo kilipona, ila pete ya kulengea inasaga mchanga mpaka leo.

Tafuta ya kaboni kama unaiweza, aluminiamu kama huwezi. Ukiikunjua, anza na vipande vinene vya miguu, kile chembamba cha chini kiache ndani. Nguzo ya kati usiipandishe kabisa. Begi lako lifunge kwenye ndoano iliyo chini ya nguzo, ila liguse ardhi, maana likining'inia litabembea na kutikisa kila kitu. Kichwa cha stendi, pale skopu inapokaa, kisiwe cha gololi, ukilegeza kidogo tu inaangukia pua. Chukua kichwa kidogo chenye mkono wa kugeuzia. Ukirudi nyumbani, miguu ya stendi isuuze kwa maji yasiyo na chumvi na uikaushe ikiwa imekunjuliwa.

Binti wa Mlingotini

Shikamoo mzee. Mimi tatizo langu ni lile joto linalopanda juu ya tope. Ikifika saa nne asubuhi ndege wote wanacheza kama mazigazi, na skopu yangu ni ya ED.

Mzee wa Tongoni (Tanga)

Marahaba binti. Hakuna kioo kinachotibu hilo, ukivuta zaidi unavuta na joto lenyewe. Na asubuhi pwani yetu ina taabu nyingine: bahari iko mashariki, jua liko usoni, ndege wote ni vivuli. Angalia mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, maji yanajaa kama saa kumi jioni. Tope lote linafunikwa, ndege wanasukumwa mpaka karibu na miguu yako, na jua liko mgongoni. Saa hiyo hata mara 15 ni nyingi.

Kijana wa Nunge, huyo anayekimbiakimbia ameinama, mtazame mdomo. Kama umepinda kwenda juu na miguu ni mifupi ya njano inayokaribia rangi ya chungwa, ni kitwitwi ambaye jina lake la kitaalamu ni Xenus cinereus.

Kijana wa Nunge (Bagamoyo)

Mzee wangu, nashukuru sana. Ile ya 75 nimeshaachana nayo. Nikipanda basi la Tanga bamvua ijayo, nitaruhusiwa kuchungulia kwenye yako kabla sijatoa hela?

Mzee wa Tongoni (Tanga)

Njoo. Saa tisa alasiri uwe umefika Tongoni, na lete hilo begi lako tulifunge kwenye stendi tuone kama linaishika.