Naomba ushauri: wakili wa bure anayedai "nauli"

Habari zenu wandugu. Dada yangu yuko Arua, Uganda, mume wake alifariki mwaka jana bila wosia, na ndugu wa marehemu wanataka kuuza nyumba anamokaa na watoto wanne. Ndoa ilikuwa ya kanisani, cheti kipo.

Nimesoma kwamba marekebisho ya sheria ya mirathi ya 2022 yanampa mjane asilimia 20 na watoto asilimia 75, na nyumba ya familia haigawanywi hivihivi. Shemeji zake wanacheka tu. Mmoja alimwambia sheria ni ya Kampala. (Huyo huyo ndiye aliyekula rambirambi, lakini hayo tuyaache.)

Akapata wakili aliyesema atamsaidia bure. Ziara ya kwanza sawa. Ya pili akaomba nauli, ya tatu pesa ya mihuri, sasa anataka laki tatu za "kufungua faili". Dada anauza mihogo sokoni, laki tatu atazitoa wapi?

Ninavyofahamu, kanuni zinamtaka kila wakili Uganda atoe saa 40 kwa mwaka kuwahudumia wasio na uwezo. Je, ada za mahakama ziko nje ya msaada huo, au anatuchezea? Na tukitaka kumwacha, karatasi za nyumba alizochukua, nakala halisi, tunazidaije?

FIDA, chama cha mawakili wanawake, tunawajua kwa jina. Aliyewahi kuhudumiwa nao anieleze: unaingia na barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), au unakwenda mikono mitupu? Mnunuzi ameshakuja kupima kiwanja mara mbili.