Trela imekwaruza Probox pale Njoro tanofu, mwenyewe anataka nitume pesa tuachane

kichwa_na_mkia
Wazee salamu. Mimi ni mpya kwa trela, nimetoka kwa Kanta, yale malori madogo, juzi tu. Jana jioni natoka Nakuru tauni na mbolea naingia barabara ya Njoro, indiketa ya kushoto iko on kitambo, nikajivuta kulia kidogo ndio mkia upate nafasi, sasa kuna Probox ikaona hiyo nafasi ni yake ikajichomeka. Tairi za nyuma za trela zikaipitia ubavuni, saidi mira ikaenda na mlango wa nyuma ukabonyea. Hakuna mtu aliumia, kwangu hata rangi haijatoka. Mwenye Probox ni mzee mpole, anasema nimtumie elfu kumi na tano kwa M-Pesa yaishe, polisi wa nini. Tukapeana namba za simu akaenda. Tanboi, msaidizi wangu kwa lori, naye anasema nikiambia bosi kazi imeisha, heri nilipe polepole. Nyinyi mngefanyaje?

salgaa_hadi_malaba
Kijana usitume hata shilingi saa hii. Ukituma bila karatasi yoyote hiyo meseji ya M-Pesa ndio itaonyeshwa kwamba ulikubali makosa, halafu mwezi ujao mzee mpole anarudi na shingo inauma na wakili nyuma yake. Sheria ya trafiki inataka usimame, utoe jina na anwani yako, ya mwenye gari pia, na namba ya gari. Kama hukutoa unaripoti polisi ndani ya masaa 24, na nyinyi mmepeana namba za simu tu. Umesema jana jioni, sasa unangoja nini? Enda stesheni iandikwe kwa OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, uulizie abstrakti, ile karatasi ya polisi ya ajali, bila hiyo insuarensi haikuskizi. Na bosi umwambie KABLA hujaenda, gari si yako.

mama_spea_ksm
Mimi nauza spea hapa Kisumu na nitawaambia ukweli, mlango wa eksi-Japani, yaani uliotumika Japani, mira, na fundi wa kunyoosha na kupiga rangi, huyo mzee hajakuibia. Watu wengi wa malori wanaonelea heri walipe kitu kidogo kama hicho mfukoni kuliko kupeleka klemu, juu kuna kile kiasi cha kwanza insuarensi inakuachia ulipe mwenyewe, na mwaka ukiisha premiamu inapanda. Lakini huo ni uamuzi wa mwenye lori sio wako wewe na tanboi. Wakikubali kulipa, muandikiane hapo stesheni, mzee asaini amelipwa yote na hana dai lingine, kopi ya kitambulisho chake iwe hapo, ndio pesa itoke.

kichwa_na_mkia
Asanteni. Je bosi akisema anakata mshahara?

shop_steward_mstaafu
Sheria ya ajira ya 2007 inamruhusu kukata kwa mali iliyoharibika kama uliharibu makusudi, na makato yote yakijumlishwa yasipite thuluthi mbili ya mshahara. Hii yako si makusudi. Najua kuna mabosi hawajawahi kufungua hicho kitabu, ndio maana nakwambia ripoti yako iwe ya kuandikwa, na picha. Ulipiga picha?

kichwa_na_mkia
Nilipiga mbili, namba yake na mlango. Nimeongea na foremani sasa hivi, amefoka kidogo halafu akaniambia nimtumie hizo picha na nipitie stesheni na leseni, yeye ataongea na huyo mzee.

salgaa_hadi_malaba
Poa. Ingine ungepiga ni ya mbali kabla hamjasonga, inayoonyesha trela imelala aje na Probox iko wapi, hiyo ndio inaamua nani aliingilia nani. Sasa hiyo kona. Mwenye alikufundisha kujivuta kulia mapema alikudanganya, hiyo ni kufungulia probox na boda mlango. Kaa kushoto karibu na ukingo mpaka ufike, ubaki na nafasi ya tairi za nyuma tu, punguza kabisa, peleka kichwa mbele kupita vile roho inataka ndio ukate, ule upana uuchukue kwa barabara unayoingia kama iko wazi. Mkia utafuata bila kupanda ukingo na hakuna mtu ataingia ubavuni. Na tanboi kwa kona ya kushoto kichwa kinakuwa nje ya dirisha, si kwa simu.